Mama Kwenye Mizani ya Kahawa

Nyamugari, Gitega
3 Novemba 1996

"Ndimu tatu asubuhi kabla ya kutia kitu kinywani, mafuta yatayeyuka yenyewe. Ukijifunika blanketi nzito, yatatoka yote na jasho."

Hayo ni maneno ya Cirhuza, mwuza unga wa kukondesha hapo sokoni kwenu, kama ulivyoyanakili mwenyewe katika barua yako. Nimeyatanguliza mbele ya salamu kwa makusudi, mdogo wangu Kulthumu, maana nilipoyasoma nilishindwa kumaliza chai.

Sasa salamu. Assalaam alaykum. Huku tupo. Wifi yako Mwajuma anakohoa lakini bado anagombana nami, kwa hiyo ni mzima. Tangu nchi jirani zifunge mipaka, duka langu la vitabu linauza vibiriti na mishumaa. Vitabu vinabaki kwa ajili yangu. Sukari imekuwa kitu cha kuonyeshana. Watu wa mtaa wa Yoba wanasema jana walisikia milio upande wa mtoni, wengine wanasema ni miti inakatwa. Kila mtu anachagua la kuamini ili apike kwa amani.

Turudi kwa Cirhuza. Najua alitoroka Bukavu na begi moja, na kwa hilo namhurumia. Kwa unga wake simhurumii.

Ndimu ikifika tumboni inakuta maji makali kuliko yenyewe. Inayeyusha nini? Mafuta ya mwili hayaelei tumboni kama mchuzi kwenye sufuria. Yamekaa chini ya ngozi na kati ya nyama, na hayatoki ila mwili wenyewe uyachome kama kuni, pale unapokula pungufu kidogo ya unachotumia. Kidogo, nimesema. Na jasho? Jasho ni maji na chumvi. Kunywa vikombe viwili, uzito wako umerudi kitini unakusubiri. Ule unga wake wa kuharisha ni ulaghai uleule kwa mlango mwingine: unatoka chooni umepungua, unafurahi, kumbe umepunguza maji ya damu yako.

Unataka kupungua? Ni haki yako, na magoti yako yatashukuru. Basi punguza mawese, acha vijiko vitatu vya sukari (hilo mipaka imekusaidia), jaza sahani maharage na mchicha wa lengalenga, kula taratibu, lala vya kutosha, na utembee kila siku. Nusu kilo kwa wiki, kilo moja ukijitahidi sana. Anayekuahidi zaidi anakuuzia ugonjwa.

Lakini nina swali. Mwili wako umekuwa fahari yako tangu ujana. Kwenye harusi ya binti yako Raissa uliketi viti viwili ukatangaza kwamba cha pili ni cha mkwe wako, akae akikosa adabu. Ukumbi mzima ulicheka. Leo umeingiwa na nini? Tena mwaka huu, katika nchi hii, mwanamke akikonda ghafla watu hawasemi amependeza. Wanalitaja lile gonjwa, halafu wanahamisha mkeka wao.

Barua anayo Zuberi, dereva wa lori la maharage. Mpe jibu.

Kaka yako,
Kassimu

*

Muyinga mjini
29 Novemba 1996

Kaka yangu Kassimu,

Waalaykum salaam. Ni wewe peke yako duniani unayemwamkia mtu kwa ndimu. Barua yako imechelewa, Zuberi anasema lori lilizuiwa kwenye bariyeri ya barabarani mpaka msafara wa askari upatikane. Imefika inanuka maharage, nikasikia njaa kabla ya kuifungua. Mpe pole wifi, achemshe tangawizi.

Sisi wazima. Raissa ana mimba, tunamtegemea Mungu mwezi wa tatu. Mumewe Radjabu anashona sare za shule ingawa shule nyingi zimefungwa. Anasema kitambaa hakijui vita. Mwanangu Faridi anauza chumvi anapoipata. Majirani wa upande wa chini, wale wa geti la buluu, hatujui wamekwenda wapi. Walifunga mlango wakaacha mbuzi ndani ya ua. Mbuzi alilia, alilia, halafu akanyamaza. Hakuna aliyekwenda kutazama.

Radjabu amekitengeneza upya kiti cha nyuma cha baiskeli yake. Ameweka mbao za mkaratusi na kamba za mpira. Imekuwa nzuri, hata Faridi anataka yake iwe hivyo.

Nilimsomea Cirhuza maneno yako yote, wala sikuruka matusi. Alicheka mpaka akashika ubavu. Akasema: "Ambia yaya yako ile ya Gitega, mi sikusoma bitabu, lakini bamama banarudia kununua. Kama iko uongo, banarudia ya nini?" Yaya kwao ni kaka. Mjibu basi, wewe mwenye vitabu.

Na mimi nina maswali yangu, uyajibu bila kupiga meza. Ni kweli kwamba ugali na ndizi ndizo zinanenepesha, nyama haina neno? Ni kweli ukila baada ya magharibi kila tonge linageuka mafuta? Kwa nini mke wa mpima kahawa anakula kama fundi wa matofali na ni mwembamba kama uzi, mi nikinusa sufuria naongezeka?

Tena la mwisho. Mtu wa kilo tisini na tano anaweza kufika sitini kabla ya Iddi?

Najua utauliza nimepimwa wapi. Ni kituo cha kununulia kahawa, msimu umekwisha na mizani imekaa bure. Radjabu na Faridi walinipeleka, nikapanda pale panapowekwa magunia. Mpima kahawa akapiga kelele: "Mama, wewe uko gunia moja na nusu, na zaidi!" Tulicheka sana. Radjabu hakucheka sana.

Kaa salama. Usinijazie maswali.

Mdogo wako,
Kulthumu

*

Nyamugari, Gitega
15 Desemba 1996

Mdogo wangu,

Salamu kutoka kwa wote, na Mwajuma anasema tangawizi imemsaidia, lakini akaongeza kwamba angepona mapema zaidi kama ningeacha kusoma kwa sauti. Huku kumetulia kwa namna nisiyoipenda. Watu wa Nyamugari wanafunga maduka jua likiwa bado juu, hakuna aliyewaamuru. Jirani yangu mwalimu amechimba shimo uani akasema ni la takataka. Ni refu mno kwa takataka.

Mwambie Cirhuza hivi: mama akirudi kununua dawa ya kupunguza uzito, maana yake uzito haukupungua. Angekuwa mkweli angempoteza mteja. Wateja wanaorudi ndio ushahidi dhidi yake, na yeye anauonyesha kama cheti!

Maswali yako. Ugali haunenepeshi kwa kuwa ni ugali, na nyama haisamehewi kwa kuwa ni nyama. Kinachozidi ndicho kinachonenepesha, kiwe ndizi, kiwe mbuzi, kiwe samli ya sadaka. Tonge la baada ya magharibi halijui saa. Mwili hauna kengele ya kugeuza chakula kuwa mafuta jua likizama. Shida ni wanaokula kidogo mchana kwa kujikaza, kisha jioni wanakula mpaka sufuria inalia. Na mke wa mpima kahawa usijilinganishe naye. Miili haikutoka kiwanda kimoja. Kuna mnene mwenye damu nzuri na kuna mwembamba anayeoza kwa ndani. Wanaosema kila mnene ni mvivu na mlafi hawajawahi kukuona ukipepeta mchele wa harusi tangu alfajiri.

Sasa hilo la Iddi. Hapana. Kutoka tisini na tano mpaka sitini ni zaidi ya theluthi ya mwili wako. Kwa mwendo wa salama ni kazi ya mwaka na zaidi. Anayefika huko kabla ya Iddi hafiki kwa kupungua, anafika kwa kuugua. Na ujue kinachotangulia kuondoka ukijinyima hivyo: si tumbo. Mwili wenye njaa unakula nyama yake wenyewe, nyama ya mapaja na ya mashavu ya miguu. Utabaki na mafuta na utapoteza miguu. Mwili wa mtu mzima unaoweza kutembea una thamani kuliko mwili mwepesi unaobebwa.

Na Ramadhani inakuja. Kuna watu wanaoifanya saumu kuwa mashine ya kukondea: hawali daku, wanafuturu kwa maji na ndimu. Daku ni sunna, Kulthumu, na ni akili. Ukisikia kizunguzungu, fungua. Mgonjwa ameruhusiwa, na aliyeruhusu si mimi.

Nimejibu. Sasa nauliza mimi, na safari hii sitakubali kuchekeshwa. Kwa nini sitini? Si hamsini na nane, si sabini. Sitini ni gunia moja la kahawa. Nani anampima mama yake kwa magunia? Na kwa nini kabla ya Iddi? Kama ni afya, afya haina tarehe. Kama ni bwana, niambie ni nani nimkague kwanza.

Kaka yako,
Kassimu

*

Muyinga
27 Januari 1997

Kaka Kassimu,

Ramadhani karimu kwako na kwa wifi. Mwandiko usiutazame, mkono unatetemeka kidogo ukiwa na saumu. Barua yako ilifika zamani. Sikuchelewa kwa sababu ya Zuberi. Nilichelewa kwa sababu nilijua ninalopaswa kuandika.

Raissa anavimba miguu lakini mtoto anacheza. Faridi amekosa chumvi, sasa anakaa nyumbani na kusikiliza redio kwa sauti ya chini. Watu wa Giteranyi wanavuka mpaka tena. Asubuhi tunaona baiskeli zinapita na magodoro juu, na wanaopita hawasalimii.

Utafurahi: nimepungua. Mpima kahawa alinipima tena, ni gunia moja na robo. Pete ilitoka kidoleni nikiosha vyombo. Wewe ulisema hawatasema nimependeza, na ni kweli. Sokoni wananisalimia kwa mbali. Cirhuza naye amegoma kuniuzia unga. Akaniambia, "Mama, inatosha, mi niko nakuogopea sasa." Nikaupata kwa mwingine. Daku sili. Juzi nilianguka nikitandika mkeka wa kufuturia. Ulisema nitembee, zamani nilikwenda sokoni na kurudi bila kukaa, sasa nikifika kwenye mtaro nakaa.

Umeniuliza kwa nini sitini. Nitakuambia mara moja, usinirudishe.

Mwaka wa tisini na tatu, mauaji yalipoanza, nilikuandikia kwamba wote walikimbia, mimi nikabaki kulinda nyumba. Ukanijibu kwamba mimi ni simba. Sikubaki. Tulitoka wote kwa njia ya Giteranyi. Radjabu alikuwa ananisukuma kwenye baiskeli. Kwenye mlima, baada ya bonde, wakanishusha. Wakasema wanapeleka mizigo mbele kwanza, kisha wanarudi kunichukua. Nikaingia kwenye shamba la kahawa nikakaa. Niliyoyaona kutoka kwenye ile kahawa sitayaandika, na hata tukionana usiulize. Nilirudi nyumbani kwa miguu yangu, peke yangu. Miezi ilipita, wakarudi kutoka Tanzania, wakanikuta nafagia. Faridi alilia. Radjabu akasema, "Mama mkwe, si sisi, ni uzito." Nikakubali. Kweli nilikuwa mzito.

Sasa wameweka mpango mapema, ili yasirudi yale. Faridi atambeba Raissa kwenye baiskeli yake. Radjabu atanibeba mimi, nikifika gunia moja. Baada ya Iddi hawatakaa, wanasema, mambo yakizidi tunaondoka. Ndiyo makubaliano, na nilikubali kwa kinywa changu, hakuna aliyenilazimisha.

Wiki iliyopita nilisimama mbele ya Radjabu nikamwonyesha kanzu inavyoning'inia. Alifurahi, akasema, "Unaona, mama mkwe? Ulikuwa unaweza!" Kisha akafikiri. Akasema lile gunia moja ni pamoja na kichwa cha cherehani, maana bila cherehani huko tutakula nini. Ana haki, ni fundi. Kwa hiyo sitini haitoshi. Inabidi niendelee chini yake kidogo.

Usimwandikie. Ni mkwe wangu, na Faridi ni mwanangu. Watakasirika, na mtu aliyekasirika hasubiri mtu.

Niombee.
Kulthumu

*

Nyamugari, Gitega
4 Februari 1997

Kwa Faridi na Radjabu, nyumba ya Bi Kulthumu, Muyinga

"Si sisi, ni uzito."

Radjabu, hayo ni maneno yako. Nayajibu kabla ya kukuuliza hali, na hali nitaiuliza kwa ufupi: Raissa anaendeleaje? Apumzike, miguu aiinue juu ya mto, asibebe maji. Mjomba wenu ni mzima. Mkaza mjomba wenu Mwajuma anawasalimu, hajui ninachoandika.

Dada yangu amenikataza kuwaandikieni. Nimemkaidi. Akigombezwa kwa ajili ya barua hii, aliyefanya hivyo atambue kwamba nimemwandikia pia imamu wenu, na kwamba imamu amesoma nami chuoni.

Sasa uzito. Njoo usimame mlangoni kwangu siku ya soko, Radjabu, utazame barabara inayoshuka Gitega. Utaona wanaume wenye mbavu za kuhesabika wakileta makaa, magunia matatu kwenye baiskeli moja, yamepangwa mpaka juu ya vichwa vyao. Utaona mikungu ya ndizi ambayo wewe na Faridi mkisaidiana hamwezi kuinyanyua. Wanafanyaje? Hawapandi. Baiskeli yenye mzigo haipandwi, inasukumwa, mmoja akishika usukani na mwingine akisukuma nyuma. Wewe umekulia Muyinga, unalijua hili tangu hujaota ndevu. Baiskeli iliyomwacha mama yako mkwe mlimani ilikuwa na uwezo wa kumbeba na kumzidi. Kwa hiyo si baiskeli. Basi ni nini?

Mmempa mwanamke wa makamo kipimo cha gunia, akakiamini. Alipokikaribia, mkakishusha. Mlipoweka cherehani upande wa pili wa mizani mlisema jambo ambalo hata Cirhuza, kwa unga wake wote, hakuthubutu kumwambia. Yeye alisema inatosha. Nyinyi mlisema bado.

Nami nawaambia mlichokitengeneza, kwa kuwa hamkisomi mkikitazama. Mwaka ule mlimwacha mtu mwenye miguu, na kwa miguu hiyo alirudi hai. Mwaka huu mmemmaliza miguu. Anakaa kwenye mtaro kati ya nyumba na soko. Akishushwa tena mlimani hatarudi nyumbani kufagia. Atabaki pale mlipomweka, na safari hii hamtakuwa na wa kumwambia kwamba ni uzito.

Msiniambie anajipenda mwembamba. Msiniambie ni saumu. Anayepungua hivyo kwa muda huo, anayeanguka akitandika mkeka, ni mgonjwa, na mgonjwa hafungi. Kuanzia siku mtakayoisoma hii, afungue. Apewe uji wa mtama asubuhi wenye chumvi kidogo, maharage, mboga, ndizi, yai likipatikana, kidogo kidogo mara nyingi, asishindiliwe kwa siku moja mkamuumiza. Maji anywe. Unga wowote wa kuharisha umwagwe chooni mbele ya macho yake. Asimame, atembee uani akishikwa mkono, kesho afike getini, keshokutwa avuke mtaro. Faridi, huo mkono ni wako. Ni mama aliyekuzaa wewe, si Radjabu.

Ningemtuma Zuberi amlete kwangu leo hii. Ofisi ya komine haitoi ruhusa ya kusafiri, na aliyepakiwa bila karatasi anashushwa kwenye bariyeri ya kwanza, na sote tunajua wanaoshushwa huwa hawaonekani kwenye ya pili. Zuberi anasema huko kwenu nyumba tano za mtaa wenu zimefungwa tangu Ijumaa. Anasema huenda hii ni safari yake ya mwisho kabla barabara haijakatwa. Injini inanguruma hapa nje na ananiita, kwa hiyo nasema kilichobaki.

Faridi. Radjabu. Kama bado mpo, ifungueni hiyo kamba ya mpira sasa hivi, msingoje Iddi. Kichwa cha cherehani kizikeni, kiachieni jirani, kitupeni shimoni, hainihusu. Mama akae kwenye zile mbao za mkaratusi, Raissa kwenye baiskeli ya Faridi, kila mmoja wenu asukume yake, na kwenye mlima mkichoka mpumzike wote, mama akiwa juu, mikono yenu ikiwa kwenye baiskeli. Msimshushe kwa neno la kurudi. Mkifika upande wa pili, nitumieni habari. Barua hiyo aiandike Kulthumu, kwa mkono wake, hata kama unatetemeka. Iliyoandikwa na yeyote kati yenu sitaipokea.

Mjomba wenu,
Kassimu